Picha ya babu, jina la demu: Nani kakuruhusu?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

MPENZI msomaji, kuna mshikaji wangu mmoja hapa mjini yuko kwenye soo zito, na soo lenyewe halihusu fedha wala nyumba ndogo. Mchumba wake, ambaye wako mbioni kumaliza mambo ya mahari, anataka wakatembee Kondoa kuona michoro ya mapangoni. Kila Jumamosi binti anauliza, "Tunakwenda lini?" Na kila Jumamosi mshikaji anaumwa homa.

Chanzo cha homa nakijua, maana siku ugonjwa unaanza nilikuwepo. Juu ya mwamba mmoja wilayani Kondoa, katikati ya michoro ya watu waliokufa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa, kuna kopa la mkaa limechomwa mshale. Ndani ya kopa kuna jina la mshikaji wangu. Pembeni yake kuna jina la msichana. Msichana huyo siye mchumba wa sasa!

Cheka, lakini usicheke sana. Na mimi siku ile sikuwa malaika, kama utakavyosoma hapa chini. Kabla sijashika kalamu nilimfuata mshikaji nikamwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Akakubali kwa sharti nisimtaje jina. Nikajisemea moyoni: kumbe kuomba ruhusa hakuui. Kwa nini basi siku ile hatukumwomba mtu?

SIKU YENYEWE

Tulikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wa historia alitupangia safari, tukachangishana, tukakodi basi, alfajiri tukaondoka Dodoma kuelekea Kolo, kama kilometa 180 kaskazini. Jina la pango tulilofanyia mambo yetu nalihifadhi, jina la shule pia.

Tulipofika juu, mwalimu na mzee aliyekuwa akituongoza walitangulia na kundi la mbele. Sisi wa nyuma, wazee wa fujo, tukabaki. Mimi nilikuwa na chupa ya maji na kamera ya kuazima. Mmoja wetu akasema ukimwagia maji picha ya kale inang'aa kama imetoka studio. Nikamwaga. Kweli bwana, ile nyekundu iliyokuwa imefifia ikawaka, nami nikasimama mbele yake nikauza sura.

Huku nyuma mshikaji alikuwa ameokota kipande cha mkaa.

Mzee aliporudi alikuta maji yanachuruzika mwambani. Nilifikiri atatufokea. Akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, hiyo picha umeinywesha au umeiogesha?" Tukacheka. Yeye hakucheka. Kopa la mkaa hakuliona siku ile, au aliliona akanyamaza, sijui.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niandike makala hii. Mwaka huu, katika kuzungumza naye, nilimwuliza mshikaji: pale kulikuwa na mnyama amechorwa vizuri kabisa, shingo ndefu, miguu minne, mbona hukuandika juu yake? Akashangaa. "Yule mnyama? Aa, ningeharibu picha! Mimi niliandika pale pembeni palipokuwa na mistari mistari na miduara. Pale hapakuwa na picha."

Hapo ndipo penye kesi, msomaji wangu. Mnyama tunamheshimu kwa sababu tunamtambua. Mstari, duara, nukta, umbo lisilofanana na kitu chochote, tunaona ni uchafu wa mwamba au mchezo wa mtoto. Wasomi huiita sanaa ya namna hiyo dhahania. Kijiweni tunaiita "hata mdogo wangu anaweza." Na kitu ambacho hata mdogo wako anaweza, unaona huna kosa ukikiongezea chako.

WALIOCHORA NI NANI?

Michoro ya Kondoa imetawanyika kwenye mapango na miamba ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika eneo la kilometa za mraba 2,336. Idadi kamili ya miamba yenye michoro haijulikani. Makadirio yanaanzia 150 hadi 450. Mary Leakey, mtafiti yule yule wa Olduvai, alikaa huko mwaka 1951 na mumewe Louis, akinakili michoro mmoja mmoja kwa mkono. Kazi ile ilitoka kitabuni mwaka 1983, na jina la kitabu chake lilitaja sanaa ya Afrika inayotoweka. Inayotoweka! Hiyo ilikuwa 1983. Mtanzania mwenzetu, Profesa Fidelis Masao, alikuwa ameshachapisha kitabu chake juu ya michoro ya Tanzania ya kati mwaka 1979.

Kwa kifupi, kuna makundi mawili. Michoro myekundu ndiyo ya kale zaidi, na inahusishwa na wawindaji, watu ambao Wasandawe wa leo wanatajwa kuwa karibu nao. Humo utaona wanyama, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, waliochorwa kwa mistari myembamba. Michoro meupe ilikuja baadaye, inahusishwa na wakulima, imepakwa kwa vidole, minene, na mingi ni maumbo tu: mistari, miduara, alama.

Hata ile tunayodhani tunaielewa ina utata. Kuna picha moja maarufu ya Kolo yenye watu waliosimama, mmoja katikati ameshikwa huku na huku. Mary Leakey aliona ni mtu anayenyakuliwa, wengine wanamvuta kumwokoa. Watafiti wengine wakasema, ngoja kwanza, huenda ni ngoma ya kupandisha ya Wasandawe iitwayo simbo, na hao wa pembeni wanamshika mwenzao asianguke. Picha moja: huyu kaona utekaji, yule kaona uganga. Kama wataalamu wanabishana juu ya picha yenye watu dhahiri, wewe na mimi tumepata wapi ujasiri wa kusema duara halina maana?

Tena hatuko peke yetu. Kule Nyero, wilaya ya Kumi, Uganda, kuna mwamba wenye miduara myekundu, duara ndani ya duara ndani ya duara. Hakuna twiga pale wa kukuonyesha kwamba hii ni picha, ikome mikono yako.

MIKONO MINNE

Nimejaribu kuhesabu mikono inayogusa michoro yetu. Nimepata minne, na kila mmoja una utetezi wake.

Mkono wa kwanza ni wa mkaa. Huu ni wa mshikaji wangu. Anataka ijulikane kwamba alifika, na kwamba alipenda.

Mkono wa pili ni wa chupa. Huu ni wangu. Mwenye chupa anajiona mwema, maana hachori wala hachimbi, anataka tu picha ionekane. Kumbe maji yanapokauka yanaacha chumvi na madini juu ya jiwe, safu juu ya safu, na mwisho picha inajificha nyuma ya ukungu mweupe. Ukimwaga ili uione leo, unahakikisha mwanao hataiona.

Mkono wa tatu ni wa sururu. Kuna watu wanaamini kwamba Wajerumani, walipokuwa wanakimbia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walificha dhahabu na fedha kwenye mapango, na kwamba michoro ni ramani ya kuzipata. Basi wanachimba chini ya miamba usiku, mashimo kwa mashimo. Hawa nao, ukitazama, ni watazamaji wa sanaa dhahania: wameona alama, wakaipa maana yao wenyewe, maana ya mkwanja.

Mkono wa nne ni wa kibuyu, na hapa ndipo kesi inapokuwa tamu. Kwenye mwamba uitwao Mungomi wa Kolo, wazee na waganga wamekuwa wakipanda kwa ajili ya tambiko: kuomba mvua, kuponya wagonjwa. Mnyama huchinjwa, pombe ya kienyeji na mafuta ya mnyama hurushiwa mwambani. Naam, mwamba ule ule wenye michoro. Mhifadhi akiona anashika kichwa. Mzee akiona mhifadhi ameshika kichwa, naye anashangaa: hapa ni kwetu, mvua ikikosekana utailetaje, kwa kamera?

Usidhani serikali haikujaribu kuzuia. Eneo lilitangazwa kumbukumbu ya taifa tangu mwaka 1937, enzi za Mwingereza. Tangu mwaka 1964 tuna sheria yetu ya Mambo ya Kale, na kuharibu michoro ya miambani ni kosa. Baadhi ya mapango yaliwahi hata kuzungushiwa uzio wa waya. Uzio haukudumu. Halafu mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba mila bado ziko hai pale. Yaani kibuyu kile kile kinachomtia mhifadhi presha ni sehemu ya kilichoipa Kondoa cheo!

KUMBE ULAYA NAO!

Usije ukadhani mambo haya ni ya ushamba wa bara. Mwaka 2007, mji wa Avignon, Ufaransa, dada mmoja aliingia kwenye maonyesho akakuta turubai jeupe tupu la mchoraji wa Kimarekani, Cy Twombly. Akalipiga busu. Lipstiki nyekundu ikabaki! Alipofikishwa kortini alijitetea kwamba lilikuwa tendo la mapenzi. Mahakama ikaamuru amlipe mwenye picha euro 1,000, jumba la sanaa euro 500, na mchoraji euro 1. Mshikaji wangu nilipomsimulia hii alikaa kimya muda mrefu. Naye aliandika kwa mapenzi.

Mwaka 2012, London, jamaa mmoja aliandika kwa wino kwenye kona ya picha ya Mark Rothko katika jumba la Tate Modern. Alifungwa miaka 2, na mafundi walihangaika kama miezi 18 kuisafisha. Desemba 2021, mji wa Yekaterinburg, Urusi, mlinzi, tena mlinzi wa maonyesho yenyewe, alichukua kalamu ya kawaida akachora macho kwenye sura tupu za picha ya Anna Leporskaya. Inaelezwa ilikuwa siku yake ya kwanza kazini. Sura haina macho, yeye akaona imesahauliwa, akasaidia. Na mimi na chupa yangu nilikuwa nasaidia vile vile.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Seoul, Korea Kusini, Machi 2021. Vijana wawili, mtu na mpenzi wake, walikuta picha kubwa ya JonOne imejaa rangi za kurushwa. Mbele yake sakafuni kulikuwa na makopo ya rangi na brashi, yamewekwa kama mapambo ya maonyesho. Wao wakadhani ni karibuni wageni, kila mtu aongeze lake. Wakaongeza! Kwa kweli wale siwezi kuwalaumu sana. Ukiweka ugali mezani na maji ya kunawa, mgeni atakula.

Maana, msomaji, kuna wasanii wanaokaribisha kweli. Mjapani Yayoi Kusama, mwaka 2002 kule Brisbane, Australia, alitengeneza chumba cheupe pee, watoto wakapewa vibandiko vya rangi wabandike watakapo mpaka weupe uishe. Felix Gonzalez-Torres mwaka 1991 alimwaga lundo la peremende, kama kilo 79, kila mtazamaji achukue moja, na lundo likipungua linajazwa upya. Hizo ni kazi ambazo usipogusa, unakuwa hujaziona sawasawa.

Tofauti iko wapi? Mwenyewe yupo, au ameacha neno. Amesema: chukua, bandika, zikiisha tutaongeza. Mchoraji wa Kondoa hakuacha neno. Wengi wetu tukikuta ukimya tunautafsiri kuwa ndiyo. Jaribu hivyo nyumbani kwa mkweo uone.

KIJIWE KILINIKABA

Nilipoyapeleka maneno haya kijiweni kwetu Majengo, nilidhani nitapigiwa makofi. Jamaa mmoja muuza simu, mbishi wa kuzaliwa, akanikaba.

"Wewe umesema kuna myekundu ya kale na meupe ya baadaye, sivyo?"

"Ndivyo."

"Na hayo meupe, hayakuchorwa juu ya myekundu?"

Nikabanwa. Ni kweli, kuna miamba ambako meupe yamekaa juu ya myekundu. Wakulima walifika, wakakuta picha za wawindaji, wakapaka zao juu yake.

"Basi!" akasema jamaa. "Wale wakifanya ni urithi wa dunia, mshikaji wako akifanya ni uharibifu. Subiri miaka 1,000, na kopa lake litalindwa na askari."

Kijiwe kizima kikacheka. Nami nilikwenda kulala nikiwa sina jibu, nikakaa nalo siku kadhaa. Sasa nimelipata, na nalileta hapa gazetini ili jamaa anunue nakala yake mwenyewe aache kuazima.

NDOO YA MWISHO

Sisi watu wa Dodoma tunaijua shida ya maji. Wakati wa masika, mto umejaa, mtoto akimwaga ndoo hakuna anayemfokea. Lakini kiangazi, kisima kimekauka na nyumbani imebaki ndoo moja, hata mgeni wa heshima hanawi miguu kwa maji hayo. Kitendo ni kile kile, kumwaga maji. Kilichobadilika ni kwamba hakuna mengine yanayokuja.

Wale wa rangi nyeupe waliishi kwenye masika ya michoro. Walikuwa wanakaa pale, wanalima pale, wanazika pale, mwamba ukiwa sehemu ya maisha yao, na mkono wa kuchora ulikuwa bado unafundishwa kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Sisemi walifanya vema kuwafunika wenzao. Mwindaji angefufuka, huenda angewashitaki. Lakini walichomwaga walikijaza kwa kingine cha aina yake. Leo ni kiangazi. Misitu imekatwa, jua na vumbi vinaingia hadi mapangoni, rangi inafifia yenyewe hata bila ya sisi. Hakuna anayechora tena. Tuliyonayo ndiyo ndoo ya mwisho, halafu kijana anakuja kunawia miguu kwa sababu amependa!

Je, na mzee wa kibuyu? Hapa najua nitapata maadui pande zote mbili. Mimi naona mzee si mtazamaji. Mtazamaji ni mtu anayekuja, anatazama, anaondoka. Mzee haondoki. Mvua isiponyesha, watu wataulizia kwake. Mgonjwa asipopona, lawama ni zake. Kesho na keshokutwa atapanda tena mwamba ule ule, na atawajibika kwa alichofanya. Mshikaji wangu alipanda basi saa kumi jioni, akala mishikaki Kondoa mjini, akasahau.

Hata hivyo uwenyeji nao haujazi ndoo. Mwenye nyumba akimwaga, maji yanaisha vile vile. Ningekuwa na sauti ningewaomba wazee na watu wa Mambo ya Kale wakae kitako, wapande pamoja, waonyeshane: upande huu wa mwamba hauna michoro, tambiko lifanyike hapa; upande huu tuuache. Mizimu haiwezi kukosa kuiona pombe kwa tofauti ya hatua kumi. Kumzuia mzee kabisa ni kumgeuza adui, na adui huyo ndiye pekee anayelala karibu na pango. Uzio uliokwishaondoka umetufundisha hilo.

UKIENDA KOLO

Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018, safari imekuwa mchezo. Vijana, nendeni! Ni kwetu, si kwa Wazungu peke yao. Pale Kolo barabarani kuna ofisi ya Mambo ya Kale, pitia kwanza, panda na mwongozaji. Chupa yako ya maji ni ya kunywa. Mkono usiguse rangi, maana jasho na mafuta ya vidole ni mbaya. Ukiona mistari na miduara usiyoielewa, simama hapo muda mrefu kuliko ulivyosimama kwa twiga.

Na kama uliwahi kuandika jina, usiende kulisugua kwa brashi na sabuni. Mshikaji wangu alikuwa ameshanunua msasa, jamani! Mkaa wake umekalia rangi ya kale. Ukisugua kimoja unaondoka na vyote viwili. Kazi hiyo ni ya mafundi wanaoijua, nayo ni ya polepole. Kilichobaki kwa mhalifu ni kwenda pale ofisini na kusema: ni mimi, ni pale, naomba radhi. Nimemwambia nitamsindikiza. Na mimi nina chupa ya kuungama.

Shemeji, najua gazeti hili unalisoma saluni. Homa ya Jumamosi sasa umeijua. Yule msichana wa mwambani ameshaolewa siku nyingi, ana watoto wawili, hana habari na mtu. Usipoteze hasira zako kwa jina. Ukifika pale, tazama lililo chini ya jina, kama bado linaonekana.

Tukutane wiki ijayo.